Unene wa Watoto na Ada za Nyumba Zetu

Katika somo letu la leo twataka kulieleza jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni jambo, nalo ni unene wa watoto. Ukimwambia mtu kwamba mtoto wake ana homa, ataondoka mbio kumtafuta daktari. Ukimwambia kwamba mtoto wake amenenepa, atakushukuru, atacheka, na pengine atamwita huyo mtoto aje umtazame vizuri. Tangu zamani unene wa mtoto umekuwa kwetu ni dalili ya neema: nyumba ina chakula, mama ana maziwa, baba ana kazi. Wala wazee wetu hawakukosea kwa hesabu ya zama zao, kwani surua na homa zilipokuwa zikipita mitaani, mtoto mwenye nyama mwilini alikuwa na akiba ya kupigania, na mwembamba alikuwa hana. Lakini hesabu ya leo si ile. Twawaomba wasomaji wetu watusikilize kwa subira, kwa sababu tutasema mambo yatakayowachukiza baadhi ya watu, khasa kina nyanya.

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2022 watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hata 19 waliozidi uzito walikuwa zaidi ya milioni 390 ulimwenguni, na katika hao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka wa 2025 UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza, ukiuchukua ulimwengu kwa jumla, watoto wa umri wa kwenda shule wenye unene wa kupindukia wamewapita kwa wingi wale wenye uzito mdogo mno. Sehemu mbili tu za dunia ambazo bado wembamba ndio mwingi, nazo ni Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini ya Sahara.

Huenda mtu akasema: basi sisi tumo katika Afrika hiyo, na khabari hii yawahusu wengine. Twamjibu kwa hesabu za nchi yetu wenyewe. Katika uchunguzi mkubwa wa afya ya watu uliofanywa Kenya mwaka wa 2022, watoto 3 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana kuzidi uzito, na watoto 18 katika 100 walikuwa wamedumaa. Kilifi, jirani zetu, waliodumaa walikuwa 37 katika 100, wala hapakuwa na kaunti iliyoipita. Ukikomea hapo utasema maradhi yetu ni upungufu wa chakula peke yake. Lakini uchunguzi ule ule uliwapima na kina mama, ukaona kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hata 49 wamezidi uzito. Sasa na tujiulize: mtoto mwembamba wa miaka minne na mama mnene wa miaka thelathini na mitano wala katika sinia moja, ni lini, basi, unene ulipoingia? Uliingia pole pole katika miaka iliyo baina ya umri ule na huu, na ada zilizouleta zilifunzwa ndani ya nyumba zile zile, kabla mtu hajajua kwamba anafunzwa.

Khasara yake haihitaji kuelezwa kwa urefu. Ni nyumba chache katika mitaa yetu zisizokuwa na mgonjwa wa kisukari au wa presha. Kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa watu wazima tu, madaktari sasa hukiona kwa watoto na vijana. Mtoto aliyezidi uzito huumwa na magoti, hukoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, akaamka na uchovu asishike asemayo mwalimu. Na aghalabu haachani na unene wake akishakuwa mkubwa. Humfuata hata katika ndoa yake na kazi yake.

Baada ya kujua hayo, swali la kwanza la mzazi ni hili: nitajuaje kama mtoto wangu amezidi? Jawabu ni kwamba jicho halitoshi, na jicho la mama na la nyanya ndilo lidanganyikalo zaidi kuliko yote, kwani latazama kwa mapenzi. Daktari huugawanya uzito wa mtoto kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe, kisha hulinganisha hesabu hiyo na ya watoto wa umri ule na jinsia ile. Vipimo vya kulinganishia vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2006 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na mwaka wa 2007 kwa wale wa miaka 5 hata 19. Kila kliniki ya watoto yaweza kufanya kazi hii, wala haichukui dakika kumi.

Na hapa kuna jambo moja ambalo lau watu wangalilijua, watoto wengi wangalisalimika. Mwili wa mtoto haunenepi kwa mstari mmoja tangu kuzaliwa hata ukubwani. Katika mwaka wa kwanza mtoto hujaa, mashavu yakawa duara na mikono ikawa na mikunjo. Kisha akianza kutembea na kukimbia huanza kuwa mwembamba mwaka baada ya mwaka, hata akifika miaka mitano au sita ndipo anapokuwa mwembamba kabisa kuliko wakati wowote wa utoto wake. Baada ya hapo huanza tena kujaa kidogo kidogo. Mwaka wa 1984 mtaalamu wa Kifaransa, bibi Marie-Françoise Rolland-Cachera, na wenzake walieleza kwamba watoto wanaoanza kujaa tena mapema, kabla ya umri ule wa kawaida, ndio walio karibu zaidi na unene baadaye. Lakini kwetu mambo huwaje? Mtoto akifika miaka minne au mitano, mbavu zikaanza kuonekana anapovua shati, nyumba nzima huingia wasiwasi. "Mtoto huyu amekonda! Hapewi chakula?" Basi hukimbizwa na sahani, hutiwa tonge kinywani akiwa anacheza, huongezewa sukari katika uji, hununuliwa dawa za kutia hamu ya kula. Yaani katika umri ule ule ambao maumbile yamemtaka awe mwembamba, sisi twamlazimisha awe mnene. Mama aliye na shaka na ampeleke mtoto kwenye mizani. Akiambiwa kwamba mtoto yu sawa, basi na akae na moyo wake, na watakaomlaumu awaoneshe kadi ya kliniki.

Tukishajua kwamba mtoto fulani amezidi kweli, huja kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nyumba humtenga. Mtoto yule mmoja huambiwa asile hiki na kile, na ndugu zake wanakula mbele yake. Baba humtania kwa jina la "Kibonge" mbele ya wageni, na kaka zake hulidaka jina hilo wakalipeleka shuleni. Mama humnyima kwa mchana, na usiku humhurumia akampa kwa siri. Twasema kwa yakini kwamba njia hii haifai kitu. Uzito wa mtoto si amali ya mtoto. Hajui bei ya mafuta, hashiki upawa, hapangi saa ya kula, wala si yeye aliyeileta soda nyumbani. Atatakiwaje kubadilika yeye katika nyumba isiyobadilika?

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Mtaalamu wa Kimarekani Leonard Epstein na wenzake waliwachukua watoto wanene wa miaka 6 hata 12 pamoja na wazazi wao, wakawagawa makundi matatu. Wote walifunzwa mambo yale yale juu ya chakula na mazoezi. Katika kundi la kwanza mzazi na mtoto wake walitakiwa wabadilike wote wawili, na wote wawili wakatuzwa walipofaulu. Katika kundi la pili aliyeangaliwa ni mtoto peke yake. Katika kundi la tatu walituzwa kwa kuhudhuria tu. Kisha wakangoja miaka kumi, jambo ambalo ni watu wachache wenye subira nalo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1990. Watoto wa kundi la kwanza, kipimo cha kuzidi kwao uzito kilikuwa kimeshuka kwa 7.5 katika mia. Wale walioangaliwa peke yao, kilikuwa kimepanda kwa 4.5. Na wale wa kundi la tatu kilikuwa kimepanda kwa 14.3. Mafunzo yalikuwa mamoja. Tofauti ilikuwa ni kwamba katika kundi la kwanza baba au mama aliingia kazini pamoja na mwanawe.

Kwa hiyo kila tutakalolisema kuanzia hapa ni kwa nyumba nzima, mnene na mwembamba, mkubwa na mdogo. Na khabari njema ni kwamba chakula kimfaacho mtoto aliyezidi ndicho kimfaacho ndugu yake aliye mwembamba, kwani huyu naye haponi kwa soda na biskuti. Ahitaji samaki, maharagwe, mayai, mboga na matunda. Isifahamike kwetu kabisa kwamba twasema watoto wanyimwe chakula. Mtoto yumo katika kukua, na aghalabu madaktari hawataki apunguze kilo. Wataka uzito wake usimame au uende pole, na urefu umfikie.

Tuanze na sukari, kwa sababu hapo ndipo hesabu ilipo wazi. Tumchukue mtoto wa miaka saba, ambaye kwa siku mwili wake wahitaji kalori 1,500 hivi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya kalori za siku, na ikiwa chini ya nusu ya hiyo ni bora zaidi. Sehemu ya kumi ya 1,500 ni 150. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Kwa hiyo haki ya mtoto huyu haifiki gramu 38, yaani vijiko vya chai tisa, vya kusawazishwa si vya kurundika. Haya, na tuhesabu. Chai ya asubuhi, vijiko vitatu. Chai ya alasiri, vitatu. Chai ya usiku, vitatu. Haki yake imekwisha, na bado hajala kaimati, hajanunua barafu wala peremende, hajafungua pakiti ya biskuti. Akipewa soda moja ya mililita 300, ambayo ina gramu 30 na zaidi, atakuwa ameimaliza karibu haki ya siku mbili katika siku moja. Na sharubati? Wengi hudhani kwamba maadamu ni maembe au machungwa basi haina neno. Embe lenyewe ni zuri, na alile mtoto kwa meno yake. Lakini likishasagwa na kuchujwa, Shirika hilo huhesabu sukari ya maji yake pamoja na sukari ya kutiwa, seuze na sisi twaongeza vijiko juu yake.

Dawa yake si kuondoa sukari kwa siku moja, kwani nyumba itafanya fitina. Chai ya vijiko vitatu na iwe ya viwili na nusu kwa wiki mbili, kisha viwili, kisha kimoja na nusu. Ulimi huzoea, na baada ya miezi mtu hurejea kwenye chai yake ya zamani akaiona kama asali. Lakini birika ni moja. Haiwezekani baba anywe ya vijiko vinne na mtoto aambiwe kwamba sukari ina madhara.

Kisha ni maji. Twajua kwamba maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na ya kununua kwa mitungi ya plastiki yana bei, na hii ni sababu moja ya watoto kuzoea vitu vya chupa. Wazee wetu walikuwa na hekima katika jambo hili: walitia maji katika mtungi wa udongo, na baadhi yao wakiufukiza kwa ubani kwanza, hata mtoto akayatamani yale maji kwa ubaridi wake na harufu yake. Sisi tumeuvunja mtungi tukanunua friji, na ndani ya friji tukaweka soda. Lau katika friji hiyo hakungekuwa na kitu cha kunywa ila maji, mtoto angekunywa maji, wala pasingekuwa na haja ya kumkataza.

Na katika kukataza kuna jambo la kulifahamu. Mwaka wa 1999 wataalamu wawili wa Kimarekani, Jennifer Fisher na Leann Birch, walitoa khabari ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wadogo: kitu kitamu kiliwekwa wakione, wasiruhusiwe kukila ila kwa dakika chache. Watoto wakawa hawana mazungumzo ila hicho, na walipofunguliwa wakakila zaidi kuliko walivyokila kilipokuwa hakina mwiko. Hii ndiyo khabari ya kopo la biskuti lililofungiwa kabatini mtoto akalijua lilipo. Kisichofaa kisikatazwe mezani; kikatazwe dukani, kabla hakijafika nyumbani. Na siku ya sikukuu kikiletwa, na kiliwe na wote kwa furaha pasi na hotuba.

Sasa tufike kwenye sinia. Kula pamoja ni katika ada zetu bora, na twasikitika kuona nyumba ambazo kila mtu huchukua sahani yake akaenda nayo mbele ya televisheni au juu ya kitanda na simu mkononi. Mtoto anayekula akitazama picha hasikii tumbo lake linaposema basi. Lakini sinia nayo ina mtihani wake. Mtoto wa miaka sita akikaa baina ya kaka zake wakubwa hula kwa mbio ili asiachwe, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Akitaka kuinuka, huambiwa: "Maliza upande wako, chakula hakiachwi." Maneno haya asili yake ni njema, kwani israfu ni mbaya. Lakini chakula kilichotiwa katika tumbo lililokwisha kushiba kimekwisha kupotea vile vile, na kimeharibu pahali kilipopotelea. Njia ya kuikimbia israfu ni kupakua kidogo kwanza, na anayetaka aongezwe. Mwaka wa 2000 ilichunguzwa khabari ya watoto wa miaka mitatu na wa miaka mitano waliopakuliwa vyakula vya viasi mbali mbali. Wa miaka mitatu walikula kiasi kile kile, kikubwa kilichopakuliwa na kidogo. Wa miaka mitano walikula zaidi kila walipopakuliwa zaidi. Yaani mtoto huzaliwa na mizani yake tumboni, nasi katika miaka michache twaiharibu kwa upawa.

Bibi Ellyn Satter, mtaalamu wa chakula wa Kimarekani, aliuweka mpaka ambao sisi twaupenda kwa wepesi wake: mzazi ndiye aamuaye kipi kitaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto ndiye aamuaye atakula kiasi gani, na kama atakula au hatakula. Kila mmoja na akae katika upande wake. Mzazi asimfuate mtoto na tonge, na mtoto asiingie jikoni kila baada ya nusu saa kuuliza kuna nini. Saa za kula na zijulikane. Mtoto asiyekula mchicha leo asigombezwe, na kesho uwekwe tena, na kesho kutwa. Wengi huhitaji kukionja kitu mara kumi na zaidi kabla hawajakikubali. Mama anayesema "mtoto wangu hali mboga" mara nyingi alimjaribu mara mbili.

Juu ya aina ya vyakula hatutasema mengi, kwa sababu twabarikiwa navyo. Hatusemi watu waache mahamri. Tukisema hivyo hatutasomwa tena. Twasema kwamba katika mahamri na mbaazi, mbaazi ndizo chakula, na mahamri ni kitoweleo. Na ziongezwe mbaazi, na mahamri yawe moja au mawili. Wali wa nazi una ladha, lakini tui la kwanza la nazi mbili katika chungu kimoja kila siku ni mafuta mengi. Samaki wa kuchoma, kunde, mchicha, muhogo wa kuchemsha, chungwa baada ya chakula, ni vyakula vyetu tangu hapo. Lililotuharibia ni kikaango. Viazi karai, bhajia, kachri na chipsi vilikuwa vya jioni moja moja. Sasa ndivyo chakula cha mchana cha mwanafunzi, kwa kuwa asubuhi tumempa pesa mkononi badala ya kumfungia kitu. Mtoto mwenye shilingi mia langoni mwa shule hawezi kulaumiwa kwa anachokinunua.

Tumesema habari ya kinachoingia. Imebaki ya kinachotoka. Shirika la Afya Duniani lilikata mwaka wa 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hata 17 ahitaji dakika 60 kila siku za kutumia mwili kwa bidii, yaani kukimbia, kuruka, kuogelea, kucheza mpira hata moyo upige na jasho litoke. Na tuitazame siku ya mtoto wetu. Huamka alfajiri. Hupanda basi la shule au tuktuk. Hukaa darasani hata alasiri. Hurudi akala, akapelekwa madrasa, akakaa chini hata magharibi. Usiku hukaa akafanya kazi ya shule, kisha hupewa simu ili apumzike. Jumamosi ni madrasa na masomo ya ziada. Dakika 60 zile ziko wapi? Watoto wa zamani walizipata bila ya kuzitafuta, kwani walikwenda chuoni kwa miguu na walirudi kwa mbio.

Hatusemi masomo yapunguzwe. Twapendekeza kwa walimu wa madrasa zetu kwamba baina ya darasa mbili watoe nusu saa ya mchezo wa kweli, si ya kusimama uani na pakiti ya kachri. Mwalimu atakayejaribu ataona kwamba watoto waliokimbia hukaa kitako wakahifadhi vizuri zaidi. Na kwa wazazi twasema: shule iliyo mwendo wa dakika ishirini na iendewe kwa miguu, mzazi akimshika mkono mdogo wake. Tuna bahari ambayo watu hutoka mbali kuijia. Ni watoto wangapi wa Mombasa wasiojua kuogelea? Tangu mwaka wa 2019 bustani ya Mama Ngina imetengenezwa upya, na jioni pana nafasi ya kutembea nyumba nzima. Watu huenda, twakiri, lakini wengi huketi mahali pamoja wakala mihogo ya kukaanga hata giza.

Na tusiwasahau watoto wa kike. Mvulana angalau huiba saa moja akacheza mpira. Binti akifika miaka tisa au kumi huitwa ndani, na ndani hakuna kazi ila kukaa, kwa sababu maji ni ya bomba na nguo hufuliwa na mashine. Zile nyumba za zamani zilikuwa na kiwanda cha ndani na sakafu ya juu; fleti za leo hazina hata ukumbi. Stara haikatazi kuruka kamba, wala kutembea na mama yake baada ya alasiri, wala kuogelea katika saa zilizotengwa kwa wanawake. Anayemfungia bintiye leo asishangae kumwona baada ya miaka ishirini anapanda ngazi kwa kutweta, na mimba yake ikawa na presha na sukari.

Usingizi pia ni katika mambo haya, ijapokuwa watu huona ajabu. Mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 hata 12 za kulala. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyokuwa ya haki, akataka vitamu, na mchana hana nguvu za kucheza. Simu na ilale nje ya chumba cha watoto. Na katika Ramadhani, ambapo twajua kwamba ratiba yote hugeuka, watoto hukesha hata daku, wakala mara tatu usiku, na futari yenyewe huwa na kaimati, vitumbua, sambusa na jagi la sharubati kabla hakijaja chakula. Si ajabu kwamba watu hutoka katika mwezi wa kujizuilia wakiwa wazito zaidi kuliko walivyoingia. Futari ya tende, maji, uji wa mtama na chakula kimoja cha haja yatosha nyumba yoyote, na kina mama wangepata wakati wa kupumzika.

Imebaki khabari ya nyanya, tuliyoitaja mwanzo. Mara nyingi baba na mama huwa wamekwisha kukubaliana, na nyanya huuvunja mpango wote kwa mkono mmoja wenye halua. Asikemewe mbele ya watoto. Na aendewe faraghani, na mwanawe mwenyewe si mkwewe, aelezwe kwa adabu aliyoyasema daktari, kisha apewe kazi: yeye ndiye awapeleke wajukuu sokoni wachague matunda, yeye ndiye awafunze michezo ya utotoni mwake, na yeye ndiye aujaze mtungi. Tumeona nyanya waliopewa kazi hii wakawa wakali wa sukari kuliko daktari.

Kwa anayetaka kuanza, na achukue daftari moja. Mwezi huu awapime watoto wake wote kwenye kliniki, uzito na urefu, aandike tarehe, na baada ya miezi sita awapime tena mahali pale pale. Baba na mama nao wapimwe siku hiyo na waandikwe katika ukurasa ule ule. Mtoto asiambiwe kwamba yeye ndiye sababu ya safari.